Kisu cha kukunja nilichomrekebishia baba afungue kwa mkono mmoja

Wakuu, habari za humu ndani.

Kuna kijana juzi alifungua uzi anauliza kisu cha kukunja cha bei nafuu, cha kutembea nacho kila siku, na jinsi ya kukilegeza kifunguke kwa mkono mmoja. Mkamjaza ushauri kurasa tatu nzima. Mmoja akasema, "Piga tupa springi, kitakuwa laini kama siagi."

Nimeusoma ule uzi nikashindwa kumaliza chai yangu.

Mimi ni mzee. Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza hizi herufi, mimi nasema tu, na nimemkataza kuongeza chumvi. Nitakayosimulia yalinitokea mimi, nyumbani kwetu Hasamba, kijiji cha upande wa Tunduma, miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza bado yupo. Wale wa "hii ni chai" mpite kimya kimya.

Baba yangu alifanya kazi migodi ya shaba, upande wa pili wa mpaka, wakati huo kukiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wanaume wengi wa kwetu walikwenda huko. Wengine walirudi na baiskeli na magodoro. Baba alirudi bila mkono wa kushoto.

Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa.

Sasa msidhani alirudi akakaa kulia. Alilima. Alipalilia kahawa kwa mkono mmoja, jembe amelibana kwapani. Kilichomtesa kilikuwa kitu kidogo sana, nacho ni kukata. Kisu cha kukunja cha enzi zile kilikuwa na kimfereji ubavuni. Unaingiza ukucha, unavuta, na mkono wa pili umeshika mpini. Mwenye mkono mmoja hakifungui, labda kwa meno.

Na kwetu mwanaume alikuwa na kisu chake mfukoni. Kwenye sherehe, nyama ililetwa mapande makubwa kwenye ungo, wanaume wamekaa duara, kila mmoja anachomoa chake anakata. Baba alikuwa anaondoka kabla ungo haujafika. Anasema ameshiba. Ameshiba nini, hata uji hajanywa!

Ikaja harusi ya dada yangu Rebeka.

Baba wa bibi harusi lazima akae na wakwe, ale nao. Baba akasema yeye hatakaa, kaka yake akae badala yake. Rebeka alilia siku mbili.

Mimi nikasema nitampatia baba kisu.

Niliuza kuku wangu wawili nikaenda Tunduma, kwa miguu na kwa kudandia lori la mahindi. Duka la kule Mlowo lilikuwa na visu vizuri vya mpini wa pembe, lakini kuku wawili hawafiki huko. Pale mpakani kulikuwa na mzee mmoja Mbemba, anauza vitu vya wanaorudi migodini: mikanda, taa, vioo, visu. Alivipanga juu ya gunia.

Nilichagua kwa saa nzima. Vingine bapa lilikuwa linacheza kushoto na kulia, nikaviacha. Vingine chuma laini, ukikwaruza na ukucha unahisi. Nikapata kimoja cha kawaida kabisa, mpini wa mbao umepasuka, lakini bapa zuri na springi ngumu. Ukikifungua kinalia "ta!"

Nikamweleza mzee shida yangu. Nikamwambia nitapiga tupa hiyo springi iwe laini.

Akatikisa kichwa. "Awe, awe," yaani hapana kwa Kibemba. "Springi usiguse, kijana. Hiyo ndiyo inashikilia."

Nikamwitikia kwa heshima, moyoni nikasema huyu mzee anajua nini, yeye muuza mikanda. Ujana jamani.

Nyumbani nikaanza kazi. Mpini uliopasuka nikautoa, nikachonga mwingine wa mti wa mpera, mpana, ukae vizuri kiganjani. Nikaupaka mafuta ya nyonyo mpaka ukang'aa. Mgongoni mwa bapa nikachimba alama kwa tupa ya pembe tatu, nikagonga kipande cha waya wa shaba pale, kikabaki kinundu cha kusukuma kwa dole gumba.

Kisha nikapiga tupa springi. Nikapiga tupa pia kisigino cha bapa, pale linapokutana na springi, nikakiviringisha kisikwame.

Kikawa laini. Dole gumba linagusa tu, bapa limetoka.

Nilikijaribu kwenye muwa, kwenye kamba, kwenye kiazi. Kinakata. Wakuu, mbona sikufikiria kwamba kitu kinachofunguka kirahisi hivyo kitafunga kirahisi vilevile? Sikuwahi kukisukuma kwa upande wa mgongo hata mara moja.

Nilimpa baba shambani, tukiwa wawili tu. Akakigeuza kiganjani. Akasukuma kinundu. Bapa likatoka. Akakifungia pajani, akafungua tena, akafunga, akafungua. Hakusema asante. Aliuliza tu, "Harusi ni Jumamosi?"

Jumamosi alikaa duara. Ungo ulipofika nikaona wakwe wanatazamana, maana habari zake zilikuwa zimewafikia. Baba akachomoa kisu, akakifungua kwa dole gumba, akaweka nyama juu ya ubao, akaibana kwa kigutu cha mkono wa kushoto, akakata. Alikula kuliko mtu yeyote pale. Rebeka alikuwa anamchungulia kutoka jikoni, anacheka na kulia pamoja.

Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Nina watoto saba, na bado nasema hivyo.

Tatizo likawa sifa. Wanaume wanne wakaja na visu vyao: "Nifanyie kama cha mzee." Nikawafanyia. Nikaanza kuitwa fundi, na nilipenda sana.

Wiki kadhaa zikapita. Alasiri moja baba alirudi kutoka malishoni mkono umefungwa jani la mgomba, amelikaza kwa meno, damu inachuruzika mpaka kiwikoni.

"Nimekatwa na chupa," akamwambia mama. "Nilianguka juu ya chupa."

Mama akamuosha. Vidole vitatu vilikuwa vimekatwa kwa ndani, mstari mmoja ulionyooka, karibu na mfupa. Mimi nilisimama mlangoni nikauona ule mstari. Chupa haikati hivyo.

Mbuzi wetu mmoja alikutwa jioni ile bado amefungwa kwenye kichaka, fundo limekaza, limechokonolewa nusu. Nikaelewa. Baba aliingiza ncha ya kisu kwenye fundo, akasukuma, bapa likamkunjia vidole.

Sikusema kitu. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Asubuhi mama akamwambia aende zahanati ya misheni. Akasema, "Kesho." Akatoka kabla ya uji. Hakulala nyumbani siku hiyo. Tulidhani ameenda zahanati mwenyewe.

Alirudi siku ya tatu, mchana. Mkono umevimba mpaka begani, macho mekundu, anatetemeka kwa homa. Akanikuta nyuma ya nyumba kwenye gogo langu la kazi. Akaingiza mkono ndani ya shati, kwa shida, akatoa visu vinne akaviweka mbele yangu kimoja kimoja.

Vilikuwa vile vya wateja wangu.

"Umevitoa wapi, baba?"

"Kwa wenyewe. Nimewaambia fundi anataka kuvikaza, ni kazi ya bure."

Mmoja wa wale watu alikuwa anakaa Mlowo. Mwingine mbali zaidi. Alitembea kote huko na kile kidonda.

"Na chako kiko wapi?"

"Changu kimepotea." Akanitazama. "Kaza hivi. Vipeleke wewe mwenyewe. Watu wasije wakakusema vibaya."

Halafu akakaa chini. Hakuweza kusimama tena.

Tulimpeleka misheni juu ya baiskeli, mimi nasukuma, mjomba amemshikilia. Daktari alipokifungua kidonda alikasirika sana. Akauliza kwa nini tumechelewa siku tatu. Baba akajibu, "Nilikuwa na shughuli."

Walimkata vidole vitatu. Daktari alisema angekuja siku ya kwanza, vingebaki.

Springi iliyolika haikazwi, wakuu. Nilichonga springi mpya nne kutoka kwenye msumeno mbovu, ikanichukua mpaka mavuno. Nikavirudisha. Wenyewe wakanisifu tena, wanasema fundi mwaminifu huyu. Kila sifa ilikuwa inanichoma.

Baba aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Jembe hakulishika tena. Kwenye duara la wanaume hakukaa tena. Nilimkatia chakula mimi, mchana na jioni, na nilipooa sikumwachia mke wangu kazi hiyo.

Mwaka wake wa mwisho, siku moja tukiwa tunakula, nilijipa moyo. Nikasema, "Baba, siku ile haikuwa chupa."

Alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Nikala.

Kijana wa ule uzi, nunua kisu chenye lock inayoshika. Cha bei nafuu kipo, usione aibu. Badilisha mpini, chora jina, paka mafuta, fanya mbwembwe zako zote. Springi iache. Na kabla hujampa mtu unayempenda, kifungue, weka mgongo wa bapa kwenye ubao, gandamiza kwa nguvu zako zote. Kikikunja, kitupe.

Nyinyi wengine naomba mnijibu jambo moja, na matusi pia nitayasoma. Mtu akikusamehe kosa kabla hujaliungama, halafu akakataa usiliungame, unafanyaje na lile kosa? Mimi nina zaidi ya miaka themanini na sijajua bado pa kuliweka.