Breki ya Baba Iliyokuwa Ikilia

Ninyi mliokua pande za Bariadi enzi zile ambapo pikipiki za kijiji kizima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mtakumbuka zilivyotunzwa. Kwetu Jumamosi asubuhi ilinuka mafuta ya taa. Baba alikuwa bwana shamba, akizunguka kwa pikipiki kukagua pamba za watu, na siku hiyo aliiegesha uani, akavua shati, akaniita, "Kabula, lete makopo!"

Makopo yalikuwa matatu. La mafuta ya taa lilikuwa la kusafishia mnyororo, la pili lilikuwa la grisi, na la tatu la oili, lenye mdomo mrefu mwembamba. Nilisugua mnyororo kwa mswaki uliochakaa mpaka udongo mweusi wa mbuga ukang'oka wote. Kufutia tulitumia shati kuukuu. Pamba ilijaa stoo, lakini baba aliikataa, maana nyuzi zake hunasa kwenye mnyororo. Oili chafu iliyotoka kwenye injini nayo haikumwagwa. Tulipaka nguzo za zizi, na mchwa wakahama. "Kikilia, Kabula, kimekauka," baba alipenda kuniambia. "Kipe mafuta." Niliyashika maneno hayo kuliko katekisimu.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, fundi Masunga alimwekea baba viatu vipya vya breki ya nyuma. Ya mbele waya wake ulikatika zamani, tukaizoea hivyo hivyo. Masunga ndiye fundi aliyeaminiwa na kijiji chote, mtu wa kunawa mikono kwa sabuni ya mche kabla ya kugusa breki ya mtu. Basi hiyo breki mpya ikawa inalia. Inalia hasa! Mbuzi walikimbia, na watoto wa jirani walisimama njiani wakiigiza mlio wake, "Bwana shamba huyo, breki imetangulia!" Masunga alisema tuvumilie siku chache, itazoea. Mimi aibu ilinichoma, siku chache sikuziweza. Jumamosi ile, baba alipoingia ndani kunywa uji, nilichukua kopo la oili, nikaingiza mdomo wake kwenye upenyo wa habu ya gurudumu la nyuma, pale kati vinapokaa viatu vya breki, nikaminya mpaka nikaridhika. Nikafuta kila tone. Nilijiona fundi.

Baba alipoijaribu uani, haikulia. "Umeona?" akaniambia huku anacheka. "Masunga alisema kweli." Akaondoka. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni alikanyaga breki, pikipiki ikaendelea kwenda. Walimrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, mguu umevunjika mahali pawili, na tangu hapo hakupanda pikipiki tena.

Waliofungua habu waliikuta imelowa oili. Baba, akiwa kitandani, akasema neno moja tu: "Masunga ana vidole vya grisi." Hakulisema kwa hasira, lakini kijijini neno la bwana shamba lilitosha. Watu wakaacha kumpelekea kazi. Masunga alikuja na kuku mkononi, akasimama mlangoni, akaapa kwamba alinawa. Mimi nilijificha nyuma ya mama, nimeshika kanga yake, nikingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Kabla ya msimu wa kulima Masunga alihamia Maswa na familia yake.

Leo nina duka la vipuri mjini, na oili nauza mimi. Vijana wa bodaboda hunichekesha. Anakuja mmoja na miwani yake myeusi, anataka "ile nyekundu, mama, inayoendana na tenki." Ukimuuliza injini yake inatumia oili gani, anamtazama mwenzake. Mnyororo umekauka kama ukuni, lakini taa za rangi rangi zinawaka zote. Ila akija mwenye breki inayolia, sicheki. Namwambia aifungue, apige msasa, afute kwa kitambaa kikavu, na oili isisogee hapo kabisa.

Mwaka jana tulimzika baba. Masunga alikuja kutoka Maswa, kichwa kizima mvi. "Mwadila, Kabula," akanisalimu kwa Kisukuma, kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu, nimechelewa. Nilitaka kumwomba mzee radhi. Niliapa kwamba nilinawa, lakini kadiri miaka ilivyokwenda nikaanza kuamini kwamba sikunawa vizuri. Breki ya mtu sijaigusa tena." Akavitazama vidole vyake.

Nilikaribia kumwambia. Waombolezaji walijaa uani, shangazi alikuwa ananiita jikoni, na mimi, mwanamke mzima mwenye duka lake, nikarudi kuwa yule wa nyuma ya kanga. "Yamekwisha, baba," nikamjibu. "Tulikusamehe zamani." Akanishika mikono yote miwili, akashukuru huku analia.

Wa rika letu tukikutana hujisifu kwamba tulijua kila kopo na kazi yake, na kwamba vijana wa sasa hawajui kitu. Ni kweli, hawajui. Lakini juzi mmoja wao alikuja mbio dukani, akapaza sauti mbele ya wateja wote, "Mama, nimepaka grisi kwenye breki, nifanyeje?" Nilimwonea wivu. Maswa si mbali, magari yapo tangu alfajiri, na Masunga bado anaamini kwamba hakunawa.