Sheria ya Maziwa

Miaka ile nchini kwetu sheria zilitoka redioni. Mnakula chakula cha mchana, mtangazaji anasoma tamko la wakubwa, na kesho yake mnaamkia nchi nyingine. Kwa hiyo nasema kwa majivuno, na sioni haya, kwamba sheria moja ilitoka kifuani kwangu.

Nilikuwa mke wa polisi katika kambi ya Nsambya, nina mtoto wa kwanza wa miezi minne, na nilikuwa mlinzi wa goli katika timu yetu ya netiboli. Nilikuwa hodari na nilikuwa mkali. Mfungaji akinisukuma alikiona cha mtema kuni. Udhaifu wangu ulikuwa mmoja tu. Mtoto akilia kwa jirani aliyenishikia pembeni, niliacha mchezo nikamkimbilia, na huku nyuma wanafunga goli lisilo na mtu. Nikirudi nagombana na uwanja mzima kwamba hayo hayahesabiki.

Nahodha wetu, mke wa koplo mmoja kutoka kaskazini, hakupenda maneno mengi. Siku moja mazoezini alichoshwa na kelele zangu, akakata shauri: mtoto akilia, mpira uwekwe chini na kila mtu asimame pale pale alipo mpaka mama arudi. Watoto wa kambi wakaipa sheria hiyo jina, wakawa wanatupigia kelele, "Maziwa!" Wachezaji waliipenda, maana walipata kupumua na kumalizia umbea. Hata wasio na watoto wakaanza kuomba maziwa kila wakichoka. Nahodha aliwakatalia.

Kisha wake za wanajeshi wakatuita kwenye mechi. Zawadi ilikuwa gunia la sukari, na sukari ilikuwa imeadimika madukani tangu Wahindi wafukuzwe. Refa alikuwa sajini wao, amekuja na kitabu cha sheria kwapani. Nahodha alipomweleza habari ya maziwa, alifungua kitabu, akakifunga, akasema humu ndani hakuna mtoto. Anayenyonyesha akae na mwanawe. Nikasema nitacheza. Nahodha akanionya kwamba nikitoka uwanjani mchezo ukiendelea, basi timu nimeiacha. Hilo lilinitisha kuliko kukosa sukari. Jiko, kufua na foleni vilikuwa vya nyumba nzima. Lile goli lilikuwa langu peke yangu.

Tulikuwa kumi kwa kumi, zimebaki dakika chache, mtoto aliposhtuka usingizini na kulia. Blauzi ikalowa papo hapo. Nilijiambia nisigeuke, nikageuka. Nilikimbia huku najua nimeacha goli wazi, na mfungaji wao, mwanamke mwenye shabaha kali, ana mpira mkononi.

Sikusikia shangwe. Mtoto alipokamata titi nikainua macho, nikaona yule mfungaji ameweka mpira chini na kusimama kando yake, mikono kiunoni. Sajini alipuliza filimbi akamwamuru acheze.

"Afande, mtoto nalia. Sisi nangoja," alisema. "Andika kwa kitabu. Bado miezi tano, na mimi nitataka hii sheria."

Uwanja mzima ulicheka. Mume wake, aliyekuwa akiandika magoli ubaoni, ndiyo kwanza alikuwa anapata habari hiyo, na chaki ilimponyoka. Sajini alimtazama yule mama, akatutazama sisi wote tuliosimama kama miti, akaomba kalamu. Aliandika kwenye ukurasa wa mwisho, polepole, kwa herufi kubwa.

Niliporudi, yule mfungaji aliokota mpira, akanisubiri mpaka nikanyoosha mikono juu vizuri, ndipo akarusha. Ulipita juu ya vidole vyangu ukaingia bila kugusa pete ya goli. Filimbi ya mwisho ikalia. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi siku hiyo mimi sikuwa mshindani. Niliketi chini nikalia mbele za watu, wenzetu wakipakia gunia kwenye lori lao huku wakiimba.

Nahodha akaja akasimama mbele yangu. Sikuthubutu kumtazama usoni. Alimchukua mtoto kwa jirani, akamweka mapajani mwangu.

"Jumamosi saa kumi tunafanya mazoezi," alisema. "Kuja na yeye."