Salamu za Jumatatu ya Pasaka

Nilizaliwa Kiirua, nchi ya viazi na upepo baridi, na maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya mtaroni baada ya mvua. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta huku chini Mbeere, kwenye joto, karibu na bwawa la umeme. Hapo nikakutana na mhandisi mgeni aliyekuwa na mashua ndogo ya tanga ya kujiburudisha siku za mapumziko. Mkataba wake ulipokwisha hakuwa na namna ya kuisafirisha, na kwa kuwa ni mimi pekee niliyekubali kufundishwa, akaniachia.

Watu wa kanisa letu walicheka sana. Mzee wa kanisa na tanga! Mke wangu hakucheka. Yeye ni mtu wa Embu, upande wa juu kwenye chai, na kuogelea hajui hadi leo. Siku ya kwanza alipoketi ndani alishika usukani kama anayeshika mwiko wa ugali, akaniambia, "Mwalimu, wewe shughulika na hicho kitambaa. Huku nyuma niachie mimi."

Ikawa hivyo miaka yote. Mimi tanga, yeye usukani. Namshukuru Mungu kwa miaka hiyo, maana ilikuwa mingi, na hakuna aliyetuahidi hata mmoja.

Magoti yake yaliharibika polepole. Daktari mmoja mjini Embu alituonyesha picha, akasema kwa upole kwamba mifupa inasagana na hatarudi kuwa alivyokuwa. Kitandani anaumia. Kitini anaumia. Kanisani anaumia zaidi, kwa sababu hataki kukaa wenzake wakisimama. Ndani ya mashua tu, akiwa juu ya mto wake wa kukalia, miguu imenyooka mbele, ndipo uso wake ulikuwa ukilegea. Nilimuuliza sababu, akasema, "Hapa si mimi ninayetembea."

Basi nikawa na ombi moja mbele za Mungu, nalo nililirudia asubuhi na jioni: asinyang'anywe mahali hapo kabla ya wakati.

Tatizo lilikuwa kumfikisha majini. Nyumba yetu iko juu ya mwinuko na njia ya kushuka ni mawe matupu. Mimi mwenyewe ni mzee, siwezi kumbeba. Wanangu wawili wanaweza, wakimweka kwenye kiti cha jikoni na kukishika huku na huku, lakini mmoja anafanya kazi Meru na mwingine Embu, na wanakuja nyumbani siku kuu tu. Kwa hiyo ikawa lazima tutweke tanga siku zile zile ambazo ulimwengu wote umeshuka bwawani.

Aliyewahi kufika pale wikendi ya Pasaka anajua ninachosema. Magari yanapangwa hadi kwenye miiba. Vijana wa makanisa wamekuja na sare zao na watu wa ofisini na nyama zao, kila kundi na spika yake. Majini zinazunguka boti za injini zinazobeba watu kwa matembezi, nazo zinashindana. Nimeona watu wamesimama ndani ya boti inayokwenda kasi, wanapiga picha, jaketi za kuokolea wamezikalia kwa sababu benchi ni gumu. Nimeona mama akimpakata mtoto mchanga ukingoni kabisa mwa boti, akimwonyesha maji. Ukiwaambia, wanajibu, "Tumeshaomba, mzee."

Waendeshaji ni vijana wetu. Wanaitana kapteni, nasi wanatuita guka na cucu, yaani babu na bibi. Wengi nimewafundisha kusoma, na wengine nilisimama nao siku ya ubatizo. Si watu wabaya, na hilo ndilo linaloniondolea matumaini. Mtu mbaya unaweza kumkemea.

Huku kwetu kijana hampiti mzee kimya. Akikuona njiani anapunguza mwendo, anasogea, anakupa mkono, anauliza habari za nyumbani, kisha anaendelea. Mtoto anayepita bila salamu, habari zake zitafika kwa mama yake kabla yeye hajafika. Ni desturi njema na nimeifundisha mwenyewe darasani. Lakini boti ya injini inayokuja kwa kasi na kupunguza mwendo ghafla, wimbi lake halipungui. Linakuja nyuma yake, linaipita, na kumpiga aliye mbele. Vijana wetu waliijua salamu vizuri sana, na wimbi hawakulijua kabisa.

Jumatatu hiyo ya Pasaka wanangu walimshusha mama yao asubuhi, wakitaniana njiani.

"Mama, umeongeza uzito. Nani anakupikia?"

"Baba yenu."

"Basi ni huzuni, si chakula."

Tulivaa jaketi zetu, tukaondoka. Upepo ulikuwa mzuri, wa upande, usio na hila. Nilibaki karibu na ukingo wa bwawa, mbali na zile boti, na kwa muda tulikuwa salama. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, na nilijua kwamba anayeimba vile haumwi.

Kisha nikaiona boti moja ikigeuka kutoka katikati ya bwawa. Kapteni alikuwa ametutambua. Alikuja moja kwa moja, pua ya boti ikiwa juu, abiria wakishangilia. Nikainua mkono wazi ili kumzuia. Naye akainua wake.

"Guka! Bwana asifiwe!"

"Kaa mbali!" nilipiga kelele. "Kaa mbali!"

"Hamsikii mnasalimiwa na mwalimu?" aliwaambia abiria wake. "Hebu mpungieni!" Wakapunga wote, upande mmoja, hata boti ikalala. Ndipo akapunguza injini kwa heshima, karibu kiasi cha kunipa mkono.

"Cucu, habari ya magoti?"

Mke wangu alikuwa anafungua kinywa kumjibu. Wimbi lilifika chini yetu, mashua ikainuka nyuma, tanga likaruka upande wa pili, na sote wawili tukawa majini.

Jaketi yake ilimshika asizame. Nataka hilo liandikwe, maana ni rehema. Nilimwona kichwa juu ya maji, macho yamefumbuka, hajapiga hata ukelele. Lakini watu wa ile boti walimpenda mno wakati ule. Waliinama wote kwa pamoja kumwokoa, mikono zaidi ya alivyohitaji. Mmoja alivuta kola, mwingine jaketi, na wawili wakaukamata mkono wake wa kulia wakauvuta juu ya ukingo wa boti, mwili ukiwa bado umelemewa na maji. Nikasikia anapiga kelele. Katika maisha yetu yote, hata akizaa, sikuwahi kumsikia hivyo.

Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Hospitalini walilirudisha, lakini kuna kitu ndani kilichokatika, na katika umri wake hawakutaka kumpasua. Mkono ule sasa hauinuki kupita kiuno. Ndio uliokuwa ukishika usukani.

Kapteni alikuja nyumbani na mjomba wake, kama inavyotakiwa, wakabeba sukari na mkate. Alikuwa analia kabla ya kukaa.

"Guka, ningekupitaje bila salamu? Mama angesema amezaa mnyama."

Nilimweleza taratibu. Mama aliyebeba kuni kwa kamba ya kichwani, nikamwambia, hageuzi shingo wala hasimami kwenye mteremko, na sote tunampisha bila kumuudhi kwa maneno. Tanga ni mama wa kuni. Alielewa. Aliapa atawaambia wenzake, na nadhani aliwaambia. Mke wangu alimsamehe pale pale, akamwagiza anywe chai.

Nilikwenda pia Embu kwenye ofisi inayohusika na boti. Bwana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sheria ya jaketi ipo, na sheria ya kutojaza watu ipo. "Lakini hii yako, mzee wangu," akasema, "unataka niandike kwamba watu wakatazwe kuwasalimia wazee?" Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kweli. Kanisani tangazo la usalama majini lilisomwa kabla ya siku kuu iliyofuata, kila mtu akasema amina, na mchana nikaona kutoka juu boti zile zile, na watu wamesimama ndani.

Wanangu walikuja siku kuu hiyo. Walikwisha kukitoa kile kiti nje. Mama yao akawaambia wakirudishe jikoni. Nilimwambia mimi naweza kushika usukani na tanga pamoja, yeye akae tu. Akasema, "Mwalimu, nitakuwa mzigo wa nani huko?" Tangu hapo hatujalizungumza tena. Mashua nimeifunika chini ya mti, mdomo chini. Ninaomba bado, asubuhi na jioni, ila sijui tena ninaomba nini. Nashukuru tu, maana kushukuru nakujua.

Kapteni hajatuacha. Kila Jumapili baada ya ibada anapanda kututembelea, mara nyingine na samaki, na kabla hajakaa anamnyooshea cucu mkono wa kulia kama alivyolelewa. Nilitaka kumwambia aache. Mke wangu alinikataza kwa macho. Anaushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, anauinua polepole, akiuma meno, hadi unafika kwenye kiganja cha kijana.

"Habari ya wiki, cucu?"

"Nzuri sana, mwanangu. Na ya majini?"