Lasanya Nyepesi ya Mlinzi

Juzi, kwenye zahanati moja ya mtaa wa Bellevue, huku ughaibuni, nilimwona mlinzi Mkongo akipimwa ili apewe cheti cha kurudi kazini. Uzito ulikuwa umepanda, presha pia. Muuguzi, dada wa Kitanzania, alimtazama mke wa mlinzi kama askari wa mpakani atazamavyo pasipoti.

"Unampikia nini?"

"Lasanya, kama ile ya mgahawa anaoulinda. Lakini yangu ni nyepesi: biringanya badala ya tambi, dengu badala ya nyama, jibini kidogo tu."

"Na anaimaliza?"

"Analamba sahani. Hapo ndipo ninapoingiwa na shaka."

Muuguzi akamgeukia mume. "Unaila na nini?"

"Na bukari, dada! Mboga unakulaka yenyewe, kama mwizi?"

Bukari ndio ugali wao, na kwa wengi wetu chochote chenye mchuzi ni mboga, hata kikitoka Italia.

"Bukari? Nani anakupikia?" mke akafoka.

"Mi mwenyewe, ukiwa saluni."

"Kiasi gani?" akauliza muuguzi.

Mlinzi alitanua mikono. Mkewe alipomkazia macho, mikono ikasogeleana polepole. Cheti hakikuandikwa, ingawa huko kusogeleana ndiko kupungua pekee tulikokushuhudia asubuhi ile.