Ukuta Aliouficha Shangazi Okulina

Shangazi yangu Okulina anajivunia vitu viwili: chai yake na ghala lake la chini. Marehemu mumewe alilichimba kwenye udongo wetu wa Siberia ulioganda mwaka mzima, na hata kwenye joto la Julai nyama ya farasi inakaa humo ngumu kama tofali. Humo pia tunahifadhi barafu ya ziwa tunayokata Novemba, maana kwetu chai ya maji ya mtoni unampa mtu usiyetaka arudi.

Ukuta mmoja umezibwa mbao. Ukimuuliza kuna nini huko nyuma, anakujibu, "Kuna pua yako." Mjadala umefungwa.

Agosti akaja Kunei, binti wa chuo kutoka Yakutsk, akafikia kwetu. Kazi yake ilikuwa kukata barafu kwenye ukingo wa mto, pale palipo na mshipa wa barafu uliozama ardhini kama kabari. Alinieleza kwamba baridi ikizidi ardhi inapasuka, theluji ikiyeyuka maji yanaingia ufani yanaganda, na mwaka mwingine inapasuka palepale. Mstari kwa mstari, maelfu ya miaka. Ukipima maji yake unajua baridi za enzi hizo zilikuwa kali kiasi gani. Yaani ardhi inatunza meseji zake zote, haifuti hata moja.

Akapata vipande sita, akavifunga kwenye plastiki, akaviweka ghalani kwa Shangazi. Kesho yake ukingo wote ukaporomokea mtoni. Kazi yake ya miaka miwili ikabaki vile vipande sita, na boti ya kurudi ni Jumamosi saa sita mchana.

Jumamosi asubuhi Shangazi akapika chai ya kumuaga. Kunei akaisifu. Shangazi akavimba kichwa, akamuuliza kwani hakuitambua barafu aliyoileta mwenyewe? Alidhani mgeni kamletea zawadi, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Ila mwanangu, barafu ya chai haifungwi plastiki," akamwambia. "Inanuka. Nyie wa mjini mna mambo."

Kunei akaweka kikombe chini taratibu. "Vimebaki vingapi, Shangazi?"

"Kilichomo kikombeni mwako ndicho cha mwisho. Majirani wameipenda."

Mimi peke yangu nilikuwa nimeshakunywa vikombe saba vya enzi za tembo wenye manyoya. Tumbo halikushtuka hata kidogo.

Kunei akaeleza vile vipande vilikuwa nini. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva. Halafu akachukua shoka, akaniambia nilete taa.

Kule chini akang'oa mbao moja baada ya nyingine. Nyuma yake ulisimama mshipa wa barafu, mweupe wa maziwa, una mistari ya wima kama mbavu za farasi aliyenona. Shangazi alipoolewa, mama mkwe wake aliuona akasema ghala lenye ukuta mchafu lina mke mchafu. Shangazi akausugua kwa brashi na sabuni mwaka mzima, mistari haikutoka, ndipo akauziba. Miaka arobaini.

Kunei akaupapasa. "Unaishia wapi chini?"

"Mume wangu alichimba mita nne hakuona mwisho. Matusi yake ndiyo yalikuwa hayana mwisho."

Kunei akaanza kucheka na machozi hapohapo. Shangazi hakuruhusu msumeno uguse ukuta mpaka apande juu, atupe kipande cha chapati kwenye moto wa jiko na kuuomba radhi kwa mila yetu, maana ardhi haikatwi kimyakimya. Kisha akasimamia kazi kama fundi mkuu. Kunei alipomwomba ruhusa ya kukata ndani zaidi, asije akapima sabuni ya bi harusi, Shangazi alicheka mpaka akakaa.

Mwenye boti alisubiri saa mbili nzima. Alipewa chai, akauliza kwanza ni ya barafu gani.

Siku hizi mbao hazipo. Ukija kwetu utashushwa ghalani utake usitake, uambiwe ukuta huo ni mkongwe kuliko ukoo wenu. Siku ile vipande vipya vilifungwa na Shangazi mwenyewe, kwenye plastiki, huku akinung'unika kila fundo: "Itanuka hii. Mtakuja kuniambia."