Swali la Arobaini

Moshi wa maganda ya korosho unaingia puani kama pilipili, unakaa kwenye nywele na kwenye khanga, na hata ukijisugua kwa sabuni ya mche hautoki siku hiyo. Msimu ule nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba yangu, alikaanga korosho kila asubuhi kwenye bati lililotobolewa, nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyangamara. Mafuta ya maganda yaliposhika moto yeye alirudi nyuma hatua moja tu. Mimi nilikimbilia kwenye mihogo.

Baba alikuwa mwanasosholojia. Alifundisha chuoni Dar es Salaam, na maisha yake ya kazi yote aliyatumia kuchunguza jinsi jamii za Waislamu zinavyobadilika: nani anasali wapi, nani ameacha nini, na kwa nini. Baada ya kuzunguka kwa watu, safari hii alikuja kuchunguza kwao, nami akanichukua. Kila siku alitoka na daftari lenye jalada jeusi, nyumba hadi nyumba, na maswali yake arobaini. La mwisho lilihusu talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini ili akumbuke majibu ya kuwapa malaika watakapomhoji. Wazee waliyapenda. Vijana waliorudi kutoka masomoni walisema hayana asili katika dini. Basi Baba aliuliza: "Ukifa, ungependa usomewe talkini au usisomewe?"

Bibi aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. "Munkari na Nakiri wana maswali matatu tu, mwanangu. Wewe arobaini. Umewapita malaika." Kisha akainama, akaendelea kubangua korosho.

Kabla ya swali hilo kila mtu alikuwa na lake moyoni. Baba mwenyewe ndiye aliyenieleza, nilipokuwa mkubwa, kwamba makaburini asiyeitaka talkini alisogea pembeni, akajifanya anakung'uta udongo kwenye kandambili, na ilipokwisha akarudi kwa wenzake. Mchana walikula sinia moja. Hakuna aliyetakiwa kusema. Sasa wote walikuwa wamesema, na maneno yao yalikuwa kwenye daftari. Kisimani wanawake walianza kuulizana, "Wewe ulimjibu nini?" Aliyekataa kujibu aliangaliwa vibaya kuliko aliyejibu.

Siku chache kabla hatujaondoka alifariki mama yake Mzee Saidi, jirani yetu. Maiti ilikuwa bado ndani Mzee Saidi alipokuja barazani kwa Bibi, na mdogo wake Hamisi nyuma yake.

"Mwalimu, ulimhoji mama yetu. Alisema asomewe?"

"Poleni sana, kaka Saidi. Siwezi kusema. Nilimwahidi kila mtu kuwa ni siri."

"Siri na sisi? Sisi aliotuzaa?"

"Hataki kusema kwa sababu anajua nimesema kweli," alisema Hamisi. "Mama hakutaka."

"Wewe mama ulimjua lini? Ulikuwa masomoni."

Baba alilibana daftari kwapani, akatazama chini. Walizika, sijui walivyoafikiana. Najua nilichokiona mchana: masinia ya wanaume yalitandazwa mahali pawili, na Mzee Saidi akala akimpa mgongo mdogo wake.

Jioni Bibi alimwita Baba jikoni. "Nyumba hii umeiruka," alisema. "Mimi hukuniuliza."

"Wewe ni mama yangu. Nitakuulizaje habari za kufa kwako?"

"Na hao uliowauliza, hawakuwa mama za watu?"

Baba alifungua daftari, akalifunga tena. Bibi alingoja. Nilimwona anangoja, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa maganda, mpaka akachoka, akaenda kutawadha.

Bibi alifariki mwaka jana. Kijiji kina misikiti miwili siku hizi, na adhana zinapishana kwa dakika chache, moja ikiifukuza nyingine. Mzee Saidi na Hamisi, wote wazee sasa, walisimama uani kila mmoja na watu wake, wakamuuliza Baba swali lilelile. Nilikuwa mlangoni na wanawake. Baba aliwatazama, akasema, "Sikumuuliza." Jeneza lilipotoka tulikaa ndani tukisikiliza njia. Muda haukuwa mrefu tukasikia miguu mingi inarudi, mapema kuliko kama talkini ingesomwa.

Baba amestaafu, na kifua kinamsumbua. Madaftari yake yapo kabatini kwangu, na wengi waliomo wameshazikwa. Mimi naandika riwaya. Kuuliza watu mambo yao ndiyo kazi yangu pia. Juzi nilikaa naye kibarazani, akikohoa, na swali la arobaini likanifika mdomoni. Aligeuka akanitazama, akangoja, kama Bibi alivyongoja.

Nikamuuliza kama anataka chai.