Upepo wa Nyaramba na Droni Yangu

Kwenye harusi ya dada yangu kule Nyaramba nilimwajiri mpiga picha arushe droni yangu. Kabla ya kuirusha aling'oa nyasi, akazitupa juu, akazitazama zikipeperushwa hadi kwenye shamba la majani chai.

"Upepo ni mingi," akasema. "Na hapa kuna waya za stima na watu wengi. Tungoje itulie, ama turushie kwa uwanja ya shule."

Nikamjibu kwa sauti ili wageni wasikie: "Nimekuita urushe droni ama uhubiri?"

Wakacheka. Akairusha. Punde upepo ukaisukuma kwenye waya za umeme, ikaanguka na kumkata shangazi yangu mkononi.

Wageni wakamfokea mpiga picha: "Kwani huoni upepo?" Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa pamoja nao. Alinitazama, akainama kuokota vipande.

Shangazi alifunga kidonda kwa leso, akanijia. "Pole, mwanangu. Nimeharibu kitu yako."

Msomaji, ningekushauri umsikilize anayeujua upepo. Lakini nambari ya mpiga picha yule ninayo, na mpaka leo nimeona rahisi kukuandikia wewe kuliko kumpigia yeye.